Hisa Zangu na Mnada wa Jofrey

Mume wangu ana sauti, na sauti hiyo imetulisha na imetutia hasara. Jofrey ndiye mnadishaji wa usharika wetu wa Kilutheri, kijijini juu ya Ilula. Jumapili watu wakitoka ibadani wanamkuta nje ya mlango wa kanisa ameshika jogoo kwa miguu, mbele yake maboga, mayai na madebe ya mahindi yaliyoletwa kama sadaka, akiuza. Jogoo wa elfu kumi na tano akipita mikononi mwa Jofrey anatoka kwa elfu arobaini. Tena aliyemnunua anaweza kumrudisha auzwe upya, maana fedha ni ya Bwana na kila mtu anapenda kuonekana. Sheria ya mnada wetu ni moja tu: mkono wa mwisho kuinuka ndio ulionunua. Hata kama ulikuwa unafukuza nzi, toa hela.

Mimi ni Eveline, lakini tangu nijifungue mtoto wa kwanza watu wananiita Mama Gerson. Sina sauti, nina mdomo, na hasira zangu hazina breki. Nilikuwa pia na hisa, na hapo ndipo penye hadithi.

Aliyenitia wazimu wa hisa ni Mama Taraben, mjane wa Kihindi mwenye duka la mbegu na mbolea pale Iringa mjini. Amezaliwa hapo hapo, na anaitikia salamu ya "kamwene" kwa Kihehe safi kuliko wanangu. Kampuni ya Mbolea ya Shibe ilipotangaza kuuza hisa zake kwa wananchi, Mama Taraben alikuwa wakala wao. Akaniambia niache kuweka akiba kwenye ng'ombe wanaokufa kwa kupiga chafya. Nikauza ng'ombe wawili, nikanunua hisa elfu nne kwa shilingi mia tatu kila moja. Miaka miwili baadaye zilikuwa zimefika mia tano na ushee, nami nikaanza kutembea kijijini taratibu, kama mtu mwenye siri nzuri.

Nilikuwa na shabaha moja: mashine ya umeme ya kukamua alizeti. Kwetu kila mtu analima alizeti, na kila mtu anaibeba hadi mjini kukamua. Huko anashinda kwenye foleni, na mashudu ya kulishia nguruwe anaachiwa mwenye mashine. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuiweka. Majembe ya Jofrey niliyatoa stoo yakalala nje chini ya mabati, na sakafu nikaipiga sementi. Hisa zikifika mia sita nauza, naongeza akiba yangu, naenda kuichukua mashine. Nilikuwa naisikia ikinguruma kabla sijailipia.

Basi ukaja muswada.

Tuliusikia redioni tukipukuchua mahindi. Serikali inapeleka Dodoma muswada wa sheria mpya ya mbolea. Kwanza, kila wilaya itawekewa bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuizidisha. Pili, vyama vya wakulima vitaruhusiwa kuagiza mbolea vyenyewe kutoka bandarini, bila kupitia kwa kampuni. Jofrey alipiga kofi la furaha. Mimi nilipiga hesabu. Wiki hiyo hiyo hisa za Shibe zikaanza kuteremka, leo shilingi kumi, kesho kumi na tano. Sheria yenyewe ilikuwa haijapitishwa, wabunge walikuwa hawajaisoma hata mara ya pili, na tayari ilikuwa inakula ng'ombe wangu.

Nilikwenda dukani kwa Mama Taraben nikiwa nimefura. Akanikalisha kwenye gunia la mbegu, akanipa chai yake ya tangawizi, akanieleza kwamba wanunuzi wa hisa hawangoji chakula kiive, wao wananusa moshi tu. Wakisikia bei itabanwa, wanaona faida itapungua, wanauza mapema. Nilimuuliza kama na yeye anauza zake. Akasema yeye hisa zake hazigusi mpaka sheria ieleweke. Akaniambia na mimi nisiwe naziamsha kila asubuhi kama kuku, kuangalia kama zimetaga.

Jofrey naye alikuwa na maelezo yake. Yeye alijua soko moja tu, la nje ya kanisa, na kwa akili yake hisa zilishuka kwa sababu mnadishaji wa Dar es Salaam hana sauti. Alitaka Jumapili inayofuata awaombe washarika wapige simu Dar, waziinue hadi mia sita, halafu wazirudishe mnadani. Nikamwambia Dar es Salaam hakuna anayerudisha jogoo. Alisikitika kweli kweli, akasema basi ndiyo maana wana shida.

Yote hayo ningeyameza. Lakini ikatangazwa kwamba kamati ya wabunge itakuja Mbeya kusikiliza maoni ya wakulima na wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini, na kila kata itoe msemaji. Kata yetu ikakiachia kijiji chetu kuchagua, nacho kikaitisha mkutano. Jina la Jofrey lilitajwa kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza. Mikono yote ikainuka isipokuwa yangu, niliyokuwa nimeikalia.

Nilijaribu kila njia anayoijua mwanamke aliyeolewa. Nilimpikia kuku wa nazi. Nilimnunia. Nilimweleza kwa upole, kisha bila upole, kwamba akisimama mbele ya wabunge na sauti ile, magazeti yataandika wakulima wanaikataa kampuni, hisa zitaporomoka, na mashine yangu ndiyo imekwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa kweli hulifanya mara chache.

"Mama Gerson," akasema, "ningekuwa nimetumwa na wewe, ningesema ya kwako. Nimetumwa na kijiji."

Nikafungua kibeti changu, nikahesabu noti. Nikamwambia na mimi naenda Mbeya, kwa nauli yangu. Tukawekeana mapatano: aseme aliyotumwa, lakini asome kwenye karatasi, kwa sauti ya mtu wa kawaida. Mimi nitakaa mbele. Akianza kupandisha mori nitainua mkono, na akiuona atamalizia hapo hapo na kukaa. Alikubali haraka mno, ilinibidi nishuku.

Basi lilitufikisha Mbeya jioni, tukalala kwa binamu yake Uyole, kwenye baridi ya kukatisha maneno mdomoni. Asubuhi tukaenda ukumbini. Palikuwa pamejaa: wakulima wa viazi wa Umalila wakiwa na makoti, wa mpunga wa Chimala wakitetemeka, wenye maduka ya pembejeo, wenye malori kutoka Mbalizi. Mbele waliketi wabunge watano na mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa na kengele ndogo mezani. Pembeni ya mlango kampuni ya Shibe walikuwa wamepanga mifuko yao ya mbolea ya maonyesho, mipya, inang'aa. Nilikaa mstari wa mbele, na kiti cha pembeni yangu akakaa kijana wa kampuni mwenye tai, aliyejitambulisha kwangu kwa adabu sana kuwa anaitwa Irfan. Nilijisikia vizuri. Nilikaribia kumwambia kuwa mimi ni mmoja wa wenye kampuni.

Wasemaji walipewa dakika tatu tatu, na wote walisoma. Ilipofika saa nane, baada ya wali na maharage, nusu ya ukumbi ilikuwa imesinzia na mbunge mmoja alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja. Nikafurahi. Kwa usingizi ule hata Jofrey akisema nini, hakuna ambaye angesikia.

Akaitwa. Akatoa karatasi, akaanza kusoma, kwa sauti ya mtu wa kawaida kama tulivyopatana. Alisoma vibaya. Alikwama kwenye neno "uagizaji" akarudi nyuma, akakwama tena. Mtu akakoroma kule nyuma, watu wakacheka, na nikamwona Jofrey akiutazama ukumbi kama anavyowatazama washarika wanaotaka kuondoka kabla mnada haujaisha. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Alikwenda mlangoni, akabeba mfuko mmoja wa maonyesho begani, akaurudisha mbele na kuutua kwenye meza, puu. Yule mbunge akaamka.

"Mfuko huu umeshuka bandarini sasa hivi," Jofrey akasema, na safari hii ilikuwa sauti yenyewe. "Elfu sitini. Nani ananiongezea?"

Ukumbi mzima ulielewa papo hapo. Wamoravian wa Mbeya wana mnada, Wakatoliki wana mnada, sisi ndio usiseme. Hapakuwa na mtu pale asiyewahi kununua boga kwa bei ya mbuzi. Mwenye lori mmoja wa Mbalizi, jitu la kicheko liitwalo Gwakisa, akainua mkono kule nyuma akasema yeye ni usafiri, sabini na tano. Jofrey akaipokea. Mwingine akasema yeye ni ghala la Makambako, themanini na tano. Mwenye duka akasema na yeye ana watoto, laki. Kila mkono ulipoinuka watu waligonga meza, na Jofrey akatembea nao, laki na kumi, nani anaongeza, mfuko haujafika kijijini bado, njia ina matope, laki na ishirini, huyu ni bodaboda wa kuupandisha mlimani. Nilimtazama mwenyekiti nikitumaini ataipiga kengele. Alikuwa amevua miwani anafuta machozi ya kicheko.

Nikakumbuka mapatano. Nikainua mkono juu kabisa, ili aone, amalizie hapo, akae.

Akauona.

"Laki na thelathini, mama wa mbele mwenye kitenge cha kijani," akasema. Ndipo akaona ni mimi. Niliona macho yake yakitoka, nikaona anakumbuka. Lakini mnadishaji akishashika bei hawezi kuiachia, ni sawa na kumwambia mtu asimamishe chafya katikati. Sauti ikatangulia yenyewe. "Mara ya kwanza. Mara ya pili." Akameza mate. "Mara ya tatu. Umekwenda kwa Mama Gerson."

Makofi yaliyopigwa pale sijawahi kupigiwa, hata siku ya harusi yangu. Nilitaka sakafu ipasuke. Mwenyekiti akagonga kengele kidogo tu, kwa heshima, akasema mama aliyenunua apewe kipaza sauti, maana amenunua kihalali na kamati ingependa kumsikia. Wakanikabidhi. Nilikusudia kusema samahani, ni bahati mbaya, nilikuwa namkataza mume wangu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Hapo Irfan, bila ubaya, akicheka na watu wote, akamwinamia mwenzake akasema kwamba ni mchezo mzuri, ila jamani, hakuna mtu duniani anayenunua mfuko kwa bei hiyo.

Nilisema hasira zangu hazina breki. Zilipanda kutoka kwenye vidole vya miguu. Niliona shamba langu, nikaona mimi na Jofrey tukigawana mfuko mmoja kwa ekari mbili kwa kijiko cha chai, nikaona na ile bodaboda yenyewe.

"Mimi nanunua kwa bei hiyo kila msimu," nikasema kwenye kipaza sauti. "Ni leo tu nimepigiwa makofi."

Mwenyekiti akarudisha miwani. Akaniuliza kwa upole kama nina uhusiano wowote na kampuni yoyote ya mbolea, kwa sababu ndio utaratibu, kila msemaji anaulizwa.

"Ninazo hisa za Shibe, elfu nne," nikasema. "Walinipa gawio mwaka jana. Nililichukua lote nikaenda kununua mbolea yao, likatosha nusu mfuko."

Kama kuna kitu nilichokitia chumvi pale, basi ni mkono nilioutikisa. Mengine yote yalikuwa kweli, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuyaweka pamoja mpaka nilipoyasikia yakitoka kwenye spika za ukumbi. Miaka miwili nilikuwa nashangilia hisa zikipanda na kulia mbolea ikipanda, na sikuona kwamba ni kitu kimoja kinapanda. Nilikaa chini. Nilijisikia mwepesi, na mjinga, na nimefurahi, yote kwa pamoja.

Halafu watu wa mnada wakafanya wanavyofanya siku zote. Mtu akinunua kitu kinachomshinda, wenzake wanamchangia. Noti zikaanza kupita mkono kwa mkono kutoka nyuma, elfu mbili, elfu tano, zikaishia kwa Irfan, ambaye alizishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe. Mwenyekiti ikabidi asimame kueleza kwamba hiki ni kikao cha Bunge na hakuna kinachouzwa. Fedha zikarudi zilikotoka. Irfan, na hapo nilimpenda, akasema mifuko ya maonyesho haina bei kwa hiyo hawezi kuiuza, ila hakuna aliyemkataza kuitoa. Akatubebea mfuko mwenyewe hadi nje, tai imegeukia mgongoni.

Kesho yake tukapanda basi la Iringa, mfuko uko chini kwenye mizigo. Hatujafika hata Makambako simu yangu ikaanza kuingia ujumbe. Mtu alikuwa amenirekodi. Si Jofrey aliyerekodiwa, ni mimi, na kitenge changu, na mkono wangu unaotikisika. Video ilikuwa imefika Dodoma, imefika Dar, imefika kwa dada yangu aliyeko Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Tukiwa Mafinga akapiga Mama Taraben. Aliniuliza kwanza kama nimekula. Kisha akaniambia hisa za Shibe zimefungua asubuhi kwa mia nne na kumi, na hadi mchana zimefika mia mbili na themanini.

Nilikata simu nikatafuta wa kumlaumu. Niligeuka kumtazama Jofrey, ambaye alikuwa dirishani anaangalia miti ya Mafinga kwa bidii kubwa, kama amelipwa kuihesabu.

"Sema," nikamwambia.

"Sina neno," akasema. "Mimi nilidhani umenunua kweli."

Nilijaribu kukasirika. Nilijaribu mpaka Ifunda. Kicheko kikanishinda nguvu, nikacheka hadi abiria wa mbele wakageuka, na yeye akacheka, kisha nikalia kidogo, kwa ajili ya mashine yangu. Akanipa leso, akanishika mkono, ule ule nilioinua, hakuuachia mpaka Iringa.

Alizeti haingoji soko. Mwezi wa sita magunia yalikuwa yamejaa hadi kwenye kitanda cha wageni, na hisa zilikuwa bado zimelala mia mbili na themanini na kitu. Nikaziuza zote. Fedha ile haikutosha mashine ya umeme, wala hata kuona picha yake. Lakini fundi mmoja wa vyuma pale Ipogolo anatengeneza mashine za mkono, zenye mpini mrefu wa chuma unaosukumwa na watu wawili wenye afya. Nikanunua moja. Tukaifunga stoo kwenye sementi yangu, na nikamwonyesha Jofrey upande wake wa mpini.

Sikutegemea kilichofuata. Watu walianza kuja kwa sababu ya video, wanataka kumwona mama wa nusu mfuko, na kwa vile wamekuja wakaja na alizeti. Jofrey akawa anakamua huku ananadi, kila chupa inayojaa anaipigia mara ya kwanza na mara ya pili, na wanawake waliokaa kwenye foleni wakawa wanaongezana bei kwa utani. Mashudu wanaondoka nayo wenyewe, hilo nililiweka tangu siku ya kwanza. Tulikuwa hoi kila jioni, mikono inawaka, na sijawahi kulala vizuri kama msimu ule.

Muswada ulipita mwezi huo huo wa sita. Ilipofika Septemba Mama Taraben akanipigia. Sauti yake ilikuwa na tahadhari, nikajua ana jambo. Akaniambia bei mpya zimeanza kutumika, mfuko umeshuka kwa karibu theluthi. Kisha akakohoa. Akasema kumbe bei ilipobanwa, waliokuwa wananunua nusu mfuko wamenunua mifuko miwili, wasionunua kabisa wamenunua, Shibe wanauza mpaka maghala yanabaki matupu, na hisa zimepanda. Nilimuuliza zimefika ngapi. Mia sita na arobaini, akasema, pole sana mwanangu.

Nilikata simu pale uani. Nilihesabu mara moja, nikaacha, kwa sababu hesabu ile haikuwa na mahali pa kuishia. Ndani ya stoo nilimsikia mume wangu anamnadia bibi mmoja chupa ya mafuta yake mwenyewe, bibi anacheka mpaka anakohoa.

Nikaingia. Jofrey alikuwa amekunja mikono ya shati, jasho linamtoka, anasukuma peke yake. Akauliza Mama Taraben anasemaje.

"Anasema mbolea imeshuka bei," nikamwambia.

Uso wake ulifunguka kama wa mtoto. Aliuacha mpini, akawatazama wale wanawake mmoja mmoja kuhakikisha wote wamesikia. Kisha akanigeukia.

"Na hisa je?"

Nikavua kitenge cha bega, nikakifunga kiunoni, nikashika upande wangu wa mpini.

"Hisa ni za wenyewe," nikasema. "Kamua."